Nilimficha Mkamwana Wangu kwa Kumsema Vibaya

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu wa darsa la Alhamisi. Sifa njema zote ni zake Mola aliyenitoa shimoni, na shimo lenyewe nililichimba mimi, kwa mdomo wangu, bila kusukumwa na mtu!

Nimeyaandika haya karatasini kwa sababu mnanijua. Nikisimama bila karatasi nitaanza na ukombozi nimalizie na harusi ya jirani. Jina langu Mwanamisi, mama yake Bakari, wa hapa hapa Tiwi. Nimesoma hadi kidato cha nne na cheti ninacho, kiko chini ya godoro, na mpaka leo aliyefaidika nacho ni godoro. Mimi ni mtu wa nyumbani. Kivuko cha Likoni nimekivuka mara nne tangu nizaliwe, na mara zote nne nilijuta. Dunia yangu ni kibaraza changu, ambapo wanawake wa mtaa hukaa kila alasiri tukishona makuti ya kuezekea. Jani, kijiti, uzi. Jani, kijiti, uzi. Mikono ina kazi yake na midomo ina yake.

Na leo nina hasira, ndugu zangu. Wengine husimama hapa wakalia, mimi nimesimama nimekasirika. Wa kwanza ninayemkasirikia ni huyu anayewasomea karatasi hii. Wa pili ni nyinyi. Msigune, mtajua mbele.

Hasira yangu ni juu ya desturi hii yetu ya kukana neema. Nani hapa akiulizwa minazi yake imezaa vipi husema imezaa vizuri? Hakuna! "Ah, imezaa nini, imeliwa na mdudu." Na nyuma ya nyumba nazi zimerundikwa hadi usawa wa dirisha! Mtoto akizaliwa mzuri tunampaka wanja mpaka anafanana na chungu, kisha tunamwita "kabaya haka". Eti tunaogopa kijicho. Ukikisifu chako kitaonekana, kikionekana kitaharibika. Ndivyo tulivyolelewa, na mimi katika hilo nilikuwa bingwa.

Mnakikumbuka kibaraza changu kilivyokuwa.

"Mume wangu hanijali hata chembe," mmoja wetu anasema, huku amejifunga leso mpya ambayo mume huyo huyo alimletea juzi.

"Wako afadhali. Wangu hata kuniuliza hali hajui."

"Nyinyi mna waume," nasema mimi. "Mimi nina mkamwana."

Hapo wote mnaguna, "Pole, Mama Bakari," na mnainamia makuti, kwa kuwa imekwishajulikana nani mshindi.

Sasa sikilizeni huyo mkamwana alikuwa nani. Bakari, mwanangu wa pekee, mpishi katika hoteli moja Diani, alioa zaidi ya miaka miwili iliyopita. Akaniletea Mejumaa kutoka Msambweni. Ndugu zangu, mwezi wa tatu tu tangu aje, goti langu lilivimba nikashindwa kuinuka. Msichana yule alinikanda kwa mafuta ya ufuta asubuhi na jioni, wiki saba, bila kukunja uso. Aliniogesha. Alinipikia uji wa mtama kwa sababu niliwahi kusema, mara moja tu, kwamba ndio mama yangu alikuwa akinipikia. Nilikuwa nikimwangalia nikisema moyoni, "Ya Rabi, nimefanya jema gani mimi?"

Moyoni! Mdomo ukisema mengine. Alasiri nilikokotwa hadi kibarazani, goti limetiwa mafuta bado linang'aa, nikatangaza: "Mvivu huyo! Jua linachomoza yeye bado anageuka kitandani. Wali wake ukiutupa ukutani unanata." Nanyi mkacheka. Na Mejumaa alikuwa ndani, hatua nne kutoka nilipokaa, akikuna nazi.

Mtaniuliza, hukuogopa atasikia? Hapana! Nilidhani anajua. Naye si mtoto wa pwani hii? Nilidhani anasikia "mvivu" na kuelewa "lulu yangu". Lakini kosa langu kubwa zaidi ni hili. Kibarazani nilimsema, basi ndani nimsifu? Wapi! Ndani nilinyamaza kimya. Niliogopa hata jicho langu mwenyewe, maana tulifundishwa kwamba jicho la mwenye kitu ndilo kali kuliko yote. Kwa hiyo kwa miaka miwili mwanamke yule hakusikia kutoka kwangu neno moja jema. Si asante. Si pole. Si "uji mtamu". Hakuna!

Kisha akazaa mtoto wa kike. Kwa desturi yetu wakampa jina la mama wa baba, yaani langu. Mwanamisi mdogo! Siku ya arobaini wageni wakaja, na mama yake Mejumaa na jamaa zake wakatoka Msambweni na sinia za mahamri. Mtu mmoja akaniuliza, "Mama Bakari, mtoto amechukua sura ya nani?"

Moyo wangu ulikuwa umejaa kama pipa la mvua. Nikaogopa. Macho mengi hivi! Nikaropoka, "Ya mamake, ndiyo maana ni mbaya hivi. Na uvivu atauchukua vile vile. Ningejua, Bakari ningemwambia aoe hapa hapa Tiwi."

Watu wakacheka. Mama yake Mejumaa hakucheka. Alifunika sinia yake taratibu, kama mtu anayefunika maiti.

Asubuhi yake Mejumaa alinijia amevaa buibui, mtoto mgongoni, mkoba mkononi.

"Shikamoo, Mama. Naenda kwetu."

"Kutembea?"

"Kukupumzisha."

"Nani amekwambia nimechoka?"

"Wewe, Mama. Kila siku, saa kumi."

Akaondoka na jina langu mgongoni.

Mnadhani nilijirudi? Nilikasirika! Nikasema, binti wa siku hizi hana masikio, hajui mila. Bakari alimfuata Msambweni, akarudi peke yake, akakaa mbele ya sahani bila kula.

"Amesema hana ugomvi na mimi," akasema. "Amesema nyumba ina mwenyewe, na mwenyewe hamtaki."

"Mwambie nilikuwa nakinga!"

"Unakinga nini, Mama?"

"Kijicho!"

Bakari aliniangalia kama ninaongea Kichina. "Mama, mimi mwanao nilijua humpendi. Kila siku nilikuwa nikimwambia avumilie."

Ndugu zangu, hapo nilianza kuona nilichofanya. Lakini kilichonimaliza ni nyinyi. Ndiyo, nyinyi! Alasiri ile Bi Mwanakombo, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alikuja na makuti yake kichwani, uso unamng'aa.

"Mama Bakari, alhamdulillah! Nimesikia ameondoka. Dua zimejibiwa!"

"Dua gani?"

"Si tulikuwa tukikuombea kila Alhamisi baada ya darsa! Wote. Mungu akuondolee yule binti."

"Nani aliwatuma?" nikafoka.

"He! Wewe si ulikuwa ukilia kila siku, mkamwana, mkamwana? Tukasema, maskini ya Mungu, tumsaidie."

Nilitaka kumpiga na kijiti cha makuti. Wallahi nilikishika! Mwaka mzima mmekaa hapa, kwenye mikeka hii hii, mmeinua mikono mkiomba niondolewe neema yangu kubwa kuliko zote, na kila mmoja akiitikia amina kwa huruma! Na niliyewapa maneno ya kuombea ni mimi.

Niliingia ndani kuswali alasiri. Nilipomaliza nikaanza kuhesabu vidole, alhamdulillah mara thelathini na tatu, kama nilivyofanya tangu utotoni. Nikafika kidole cha tano, nikashindwa kuendelea. Nikajiuliza, wewe Mwanamisi, unamshukuru nani na kwa kitu gani? Aliyekupa amekupa mtu wa kukukanda goti, nawe umesimama mbele za watu ukasema hukupewa kitu, umepewa balaa. Vidole vinashukuru, mdomo unakanusha. Na hasira ikanipanda upya, mara hii ikapata mtu wake, mimi mwenyewe. Tunaogopa jicho la jirani kuliko tunavyomwogopa Mwenye kutoa! Tunadhani ametoa kisha akashindwa kulinda!

Basi mimi, mtu wa nyumbani, nikajifunga nikaenda Msambweni. Nilimkuta mama yake Mejumaa uani na wanawake wenzake wanamenya muhogo. Nikatoa salamu, wakaitikia, hakuna aliyenisogezea mkeka. Nikainama sikioni mwake, nikamwambia, "Nimekuja kuomba radhi."

"Mama Bakari," akasema, bila kuacha kisu chake, "siku ya arobaini hukuninong'oneza. Simama useme."

Nikasimama. Nikasema yote. Mafuta ya ufuta, kuogeshwa, uji wa mtama. Nikasema wali wake haunati ukutani, unachambuka punje kwa punje, na mwenye wali wa kunata katika nyumba ile ni mimi tangu niolewe. Mejumaa akatoka chumbani na mtoto. Nikamwangalia yule mtoto, nikafumba macho, nikasema kwa sauti, "Na mtoto huyu ni mzuri! Mzuri sana!"

"Sema mashaallah! Sema mashaallah!" wanawake wote wakapiga kelele, visu juu.

"Mashaallah! Lakini ni mzuri!"

Mtoto akapiga chafya. Nikakaribia kuzimia. Akapiga nyingine, akanicheka. Hakuna kilichomwangukia, ndugu zangu. Hakuna!

Nikadhani tutaondoka pamoja. Mejumaa akanipa maji ya kunywa, kwa mikono miwili kama kawaida yake, akasema, "Nimekusamehe, Mama. Lakini leo sirudi. Hapa wanakusikia watu wa kwetu. Walionisikia nikisemwa wako Tiwi. Kaseme huko. Dada yake Bi Mwanakombo ameolewa hapa, nyumba ya tatu. Maneno yangu mabaya yalikuwa yakifika hapa kabla sijamaliza kuyalia. Tuone kama mazuri nayo yana miguu."

Nani angemlaumu?

Nikarudi. Saa kumi nikakaa kibarazani, nikachukua jani, kijiti, uzi, nikaanza kusifu. Mliniangalia kana kwamba nimevua nguo. Kesho yake nikaendelea. Siku ya tatu Bi Mwanakombo akanong'ona, nikamsikia, "Amelogwa. Yule binti amemfanyia kitu." Siku ya nne akaniletea kombe, aya zimeandikwa kwa zafarani kwenye sahani na kuoshwa kwa maji ya waridi, ninywe nipone. Nikanywa. Halidhuru. Nikafuta mdomo nikaendelea pale pale nilipoachia, kwenye uji wa mtama.

Na hasira zenu! Mlinikasirikia kuliko nilivyowahi kukasirikiwa nikisengenya. Mtu akisema mkamwana wake mchawi, tunamsogelea. Akisema mkamwana wake mwema, tunamshuku! Hebu tuone haya kidogo, jamani.

Siku ya kumi na moja nilisikia hodi. Mejumaa, mtoto mgongoni, mkoba mkononi.

"Shikamoo, Mama. Kule Msambweni wanasema umerukwa na akili kwa ajili yangu."

"Marahaba. Ndivyo."

"Basi nimekuja kukuuguza."

Nililia mbele yenu wote, na aliyelia kwa sauti kunishinda ni Bi Mwanakombo, ingawa yeye atasema ni moshi.

Ndugu zangu, tangu siku ile nimejiwekea kazi. Kila siku, kabla sijatoka kibarazani, namwambia mtu wa ndani ya nyumba yangu jambo moja alilonifanyia. Kwa jina lake, mbele yake. Mwanzo nilikuwa nasema kama mtu anayetema mfupa. Sasa yanatoka. Bakari akitoka kazini haendi tena kuzurura Ukunda, anakuja kula nyumbani. Mimi nalala usingizi kamili, wakati zamani nilikuwa nikilala na dukuduku nisilolijua jina. Na sisemi mwenye njaa ajisifu ameshiba. Mwenye shida aseme shida yake, tumsaidie. Ninayemkasirikia ni aliyeshiba anayelia njaa, halafu anashangaa sahani ikiondolewa.

Sijatakasika. Wiki iliyopita mtoto alipata homa, na neno la kwanza lililonijia ni "jicho!" Nikaumeza ulimi. Tukampeleka zahanati, akapewa dawa, homa ikashuka, na nikamshukuru Mungu, na muuguzi, na Mejumaa aliyekesha. Aliyempa mtoto ndiye anayemlinda. Mtegemeeni! Hahitaji msaada wa uongo wetu.

Mejumaa yuko pale nyuma karibu na mlango, amejifunika uso kwa ukaya wa buibui, anajuta kwa nini alinifuata leo. Mtoto amempakata, na usoni hana wanja. Geukeni mumwangalie. Semeni mashaallah, haki yake, kisha mwangalieni vizuri mshibe. Na mkifika makwenu, kabla hamjavua buibui, kila mmoja amwite wake wa ndani, amwambie jema moja alilomfanyia.