Daktari Gonga na Mapafu Yaliyosinyaa

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliokuja kumsindikiza mwenzetu, mimi ni shemeji wa marehemu, kaka wa mkewe, na nimepewa kazi hii kwa kuwa dada yangu anasema mimi ndiye pekee katika familia hii ninayeweza kusoma kurasa mbili bila kulia. Nitajitahidi. Najua pia kwamba tangu juzi yapo maneno ya pembeni, watu wanaulizana ilikuwaje binti wa marehemu, daktari wa dharura, asimame kando ya kitanda cha baba yake, sindano ipo mezani, asimchome. Lisemwalo lipo, na jibu lake lipo pia, nitalitoa tutakapofika mahali pake.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1956, mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi cherehani, katika vyumba viwili vilivyokuwa nyuma ya duka la baba yake, ambako watoto walilala wakibanana na marobota ya vitambaa. Alianza shule ya msingi mwaka 1963 na kumaliza sekondari mwaka 1975, mwanafunzi wa kawaida tu, na mwenyewe alikiri kwamba hesabu zilimpiga chenga mpaka zilipogeuka kuwa dozi za dawa. Alihitimu udaktari mwaka 1982, na tarehe 3 Januari 1983 akaripoti katika idara ya dharura, ambayo hakuihama hadi alipostaafu mwaka 2016.

Kwa wasioijua kazi yake, pafu husinyaa pale hewa inapovuja na kujaa kati yake na mbavu, kwa ajali, kwa kisu, au bila sababu kwa kijana mrefu mwembamba aliyeinama tu kufunga kamba za viatu, na hewa hiyo ikizidi huukandamiza hata moyo, mgonjwa akafa huku watu wakitafuta ufunguo wa chumba cha eksirei. Kwa mgonjwa wa namna hiyo marehemu hakungoja picha, alisikiliza kifua, akakigonga kwa vidole kama mtu anayechagua tikiti sokoni, akachoma sindano ya kutoa hewa, kisha akapitisha mpira kati ya mbavu na kuushusha kwenye chupa ya maji, mapovu yakatoka, mgonjwa akarudiwa na rangi yake. Ndiyo maana hospitali nzima ilimwita Daktari Gonga, na wapo waliofanya naye kazi miaka kumi bila kulijua jina lake lingine.

Mwaka 1985 aliletwa mwashi aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi. Hali haikuwa ya kufa na kupona, picha ikapigwa, mtu akaitundika kwenye taa ikiwa imegeuzwa, kushoto kukawa kulia, na marehemu, kwa kuiamini picha kuliko vidole vyake, akaweka mpira upande ulio mzima. Chupa haikutoa povu hata moja. Akatambua, akaweka mwingine upande uliostahili, kisha akatoka hadi kwenye benchi la ndugu na kusema, bila kumtaja aliyeitundika ile picha, "Nimemkata upande usiohusika, kosa ni langu." Mwashi yule alikuwa baba yetu. Mimi nilitaka kwenda polisi, dada yangu tayari alikuwa amevua kiatu, lakini marehemu alisimama palepale akangoja tumalize, na tangu siku hiyo hakukata ngozi ya mtu kabla ya kuutia wino upande unaohusika na mtu mwingine chumbani kuutaja kwa sauti.

Alikuja kumsafisha baba vidonda hata siku zake za mapumziko, na haikupita muda tukagundua kwamba vidonda vimepona ila ziara hazipungui. Yeye na dada yangu walifunga ndoa tarehe 20 Agosti 1988, na baba akawaambia wageni kwamba wachumba wengine huja na zawadi, huyu alimfungua kifua pande zote mbili ndipo akaposa. Mungu aliwajalia watoto watatu, kifungua mimba akiwa binti aliyezaliwa mwaka 1990, wa pili ni fundi umeme, na kitinda mimba ni mwalimu. Maji hufuata mkondo, binti akasomea udaktari, na mwaka 2017 akaanza kazi katika idara ileile ya baba yake.

Mwaka 2020 mapafu ya marehemu yalianza kukakamaa kwa makovu, ugonjwa usiorudi nyuma, akawa anaishi kwa hewa ya mashine. Februari 2023 pafu la kulia likasinyaa, akakimbizwa dharura, na aliyekuwa zamu ni binti yake, ambaye alimwekea mpira mwenyewe, naye baba, alipopata pumzi, akaukosoa mshono. Novemba likasinyaa tena, akakaa wodini wiki sita, chupa ikitoa mapovu bila kukoma. Aliporudi nyumbani alituita sote, pamoja na mkuu wa idara, akasema likitokea tena asichomwe wala asiwekewe mpira, apewe dawa ya kumtuliza tu. "Mpira unalipatia pafu nafasi ya kupona," alisema, "langu halina tena pa kuponea." Binti alimjibu, "Baba, unataka nikutazame tu?" akatoka, na baada ya siku kadhaa akaja mwenyewe, akakaa miguuni pake na kusema amekubali.

Tarehe 14 mwezi huu, mchana, hali ilibadilika, tukamfikisha dharura. Nilikuwapo, upande wa pili wa kitanda. Binti alikigonga kifua cha baba yake, akajua, na muuguzi aliposogeza trei yenye sindano akamwambia, "Iondoe, ameshakataa." Daktari wa zamu akampa dawa, kuhema kukatulia, na marehemu akaaga dunia mkono wake ukiwa ndani ya mikono ya binti yake. Kumchoma kungekuwa rahisi kwake, amewachoma wengi wakaishi, wengine huenda wamekaa hapa. Sijapata kuona mtoto aliyemtii mzazi wake kwa uchungu kiasi kile, na ninampenda kwa hilo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wa eksirei aliowasumbua maisha yao yote, majirani waliotuwashia jenereta kila umeme ulipokatika ili mashine ya hewa isizime, na wafanyakazi wenzake wa dharura walioacha zamu kuja hapa, na waliobaki zamu ili hawa waje.

Shemeji, pumzika kwa amani, na amani hiyohiyo tunayokuombea leo, tunawaomba waliopo wamwachie na binti yako.