Vijiti Viwili vya Mwalimu Bartholomeo Jilala

Ndugu waombolezaji, wasifu huu unasomwa na Klara Jilala, mdogo wake marehemu. Marehemu alisomewa akiwa kitandani, akaukataa mara mbili kwa sababu ulikuwa mpole mno. Huu ndio alioukubali; ya kifo chake tu nimeyaongeza mimi.

Mwalimu Bartholomeo Jilala alizaliwa Mwadui tarehe 9 Machi 1956, mtoto wa kwanza wa mzee Jilala, aliyekuwa mpishi mgodini, na mama Mbuke. Toka udogoni alipenda treni kuliko chakula. Akitumwa Shinyanga mjini alipotelea stesheni kutazama mabehewa yakiungwa. Akirudi anachapwa, na akitumwa tena anapotelea kulekule.

Alisoma shule ya msingi hapahapa Mwadui, akaendelea na sekondari, kisha akahitimu ualimu Butimba mwaka 1978. Alifundisha hesabu Kishapu, Kahama pale Nyasubi, na mwisho Maganzo, hadi alipostaafu mwaka 2016. Wengi mliomo humu aliwafinya masikio. Neno lake mnalijua: kukadiria ni uongo wenye adabu.

Tarehe 21 Novemba 1981 alifunga ndoa na Apolonia. Hakuwa na ujasiri wa kumwuliza binti wa watu saizi ya pete, kwa hiyo siku moja wakiwa wamekaa alimzungushia unyasi kidoleni kama mchezo, akauficha mfukoni. Siku ya ndoa pete iliingia bila kusukumwa. Wifi yangu bado anayo, na haijawahi kumbana wala kumponyoka.

Sasa tuje kwenye lile lililotuleta wengine hapa na masikio marefu. Mwaka 2022 kituo kimoja cha televisheni kilitangaza shindano: wananchi wa kujitolea watandike reli ndogo, na treni ya kuchezea ipite juu yake safari ndefu kuliko zote. Kubadilisha betri ruksa, kuisukuma marufuku. Mwalimu alichagua njia ya kutoka geti la Mwadui mpaka stesheni ya Shinyanga. Watu wakacheka, kisha wakaja na nyundo zao.

Mwalimu aliwajua Wasukuma wenzake, kwamba kazi hainogi bila ushindani. Akawagawa kwa ngoma zao, vile vyama viwili vya wachezaji vinavyoshindana toka enzi za mababu. Wagalu waanzie Mwadui pamoja naye, Wagika waanzie stesheni chini ya kiongozi wao Sostenes Masele, yaani Baba Boaz, wakutane katikati kwenye shamba la dengu la mzee Mihayo. Reli zilikuwa fito za mbao zilizovishwa bati. Alichonga vijiti viwili sawasawa kutoka ubao mmoja wa mninga, kila upande ukapewa kimoja. Unakipitisha kati ya fito mbili, kikigusa huku na huku ndipo unapiga msumari. Kazi rahisi hiyo, hata mlevi angeiweza.

Jumamosi tarehe 20 Agosti 2022 treni iliondoka Mwadui. Wanawake walipiga vigelegele njia nzima. Ilipoingia upande wa Sostenes, pale shambani kwa Mihayo, ilipanda juu ya fito, ikaanguka ubavu mbele ya kamera. Reli zilikuwa zimebanana. Mtangazaji akauliza kulikoni, na Sostenes, ambaye kipande cha mwisho alikigongomea mwenyewe, akajibu nchi nzima ikisikia: "Sisi tumefuata kijiti cha mwalimu. Kama mwalimu wa hesabu hajui kupima, mimi nifanyeje?"

Toka siku hiyo watoto aliowafundisha wazazi wao walimpigia kelele barabarani, "Mwalimu, pima!" Mwanamume huyu aliacha kwenda sokoni. Apolonia alimkuta jikoni akilia, na hatusemi hili kwa aibu, tunalisema ili mwenye nalo alisikie.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Mwalimu alitembea reli yote ya Wagika kabla haijang'olewa. Penye stesheni ilikuwa sawa kabisa, na kila alivyosogea shambani ilizidi kubana. Kisha Mageni, mpiga ngoma wa Wagika hao hao, akamletea kijiti alichoagizwa na Sostenes akichome, akamweleza. Kila asubuhi kabla ya kazi Sostenes alikikwangua ncha kwa kisu, unga ule akauchanganya kwenye dawa ya kuvuta watu, kama wafanyavyo kabla ya ngoma, ili watazamaji wote wawe upande wake. Watu walivutika kweli. Walikuja wengi kutazama treni ikianguka.

Dawa Mwalimu aliisamehe, alisema huo ni ujinga wa ngoma tu. Uongo hakuusamehe. Alimtaka Sostenes aseme ukweli hadharani, palepale alipomvua nguo. Sostenes akanyamaza miaka.

Januari 2025 Mwalimu alipata kiharusi upande wa kulia. Sostenes akaja na mbuzi, akaomba yaishe kimya kimya. Mwalimu, kwa ulimi mzito ule, akamjibu: "Mbuzi hatanyoosha reli. Sema mbele za watu." Sostenes akafungua kamba, akaondoka na mbuzi wake. Jumanne tarehe 10 Juni 2025, alfajiri, Mwalimu alifariki dunia nyumbani kwake Maganzo, mkono wa kushoto ukiwa umeshika mkono wa mkewe.

Ameacha mjane Apolonia, watoto Eliya, Noela na Blessing, wajukuu, na mdogo wake mmoja mwenye mdomo.

Juu ya jeneza vipo vijiti viwili vya mninga. Aliagiza vilazwe ubavu kwa ubavu, ncha za upande mmoja zikiwa sawa, na kila anayepita kuaga atazame kipi kimepungua. Aliagiza pia Baba Boaz aalikwe kwa jina na apewe kiti cha mbele, na tunashukuru amekuja.

Mwalimu apumzike kwa amani. Baba Boaz, kipaza sauti hiki hapa. Kaburi litasubiri.