Maisha ya Mzee Nani-Hayupo, Muuguzi wa Rejesta ya Presha

Ndugu, majirani na nyote mliofunga kazi zenu leo kuja kumsindikiza mzee wetu, familia imenituma mimi, mtoto wa dada yake, niwasomee maisha ya mjomba, na imenionya nisirefushe, kwa sababu marehemu mwenyewe hakupenda kabisa kuona watu wamewekwa foleni.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Agosti 1953, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne, baba yake akiwa fundi wa mabehewa na mama yake akiwa mama wa nyumbani mwenye sauti iliyofika stesheni bila kipaza sauti, na alipokuwa na miaka mitatu akazaliwa mdogo wake wa kiume, huyu fundi wetu wa mageti aliyekaa hapa mbele, ambaye siku yake ya kuzaliwa hakuna aliyeiandika, kila mmoja akidhani mwenzake ameiandika. Tangu utotoni wawili hao walikuwa chanda na pete, wakigombana asubuhi na kulala shuka moja usiku.

Alianza shule ya msingi Januari 1961 na kumaliza Desemba 1967, na huko alichaguliwa kiranja wa darasa, kazi aliyoifanya kwa namna yake, maana katika kuita majina hakuandika waliokuja, aliandika wasiokuja tu, na mwalimu mkuu alipomuuliza kulikoni, akajibu, "Waliopo si nawaona, mwalimu," akachapwa kwa ufidhuli, lakini utaratibu ukabaki ni huo huo. Alisoma sekondari ya bweni kuanzia mwaka 1968 hadi 1971, akajiunga na chuo cha uuguzi Januari 1973, na akiwa huko, tarehe 3 Septemba 1974, baba yake alianguka akiwa kazini na hakuinuka tena, presha ikiwa imempanda miaka mingi bila mtu yeyote kumpima. Jambo hilo lilimkaa marehemu moyoni maisha yake yote, na lazima lisemwe, kwa sababu mengi aliyoyafanya baadaye yalianzia hapo.

Alihitimu tarehe 14 Novemba 1975, akaajiriwa katika hospitali ya wilaya tarehe 2 Februari 1976, wodi ya wanaume, na tarehe 6 Mei 1978 alifunga ndoa na mke wake mpendwa, mshonaji, ambaye siku hiyo alisimama juani na shela yake wakati bwana harusi amemzuia mpiga picha, eti shangazi mmoja hajafika. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza mwaka 1979, ambaye ni mwalimu, wa pili mwaka 1983, dereva wa malori, na wa mwisho mwaka 1988, ambaye yeye mwenyewe husema anafanya kazi za kompyuta, na familia imeamua kumwamini.

Mwaka 1994 marehemu alikabidhiwa kliniki ya presha, chumba kimoja chenye benchi mbili na kipimo kimoja kilichovuja upepo, na wakati huo kila mgonjwa alitembea na daftari lake mwenyewe, hospitali haikubaki na kitu, kwa hiyo mtu akiacha kuja hakuna aliyejua, mpaka siku analetwa kwa machela amepooza upande mmoja. Marehemu alichoshwa na machela hizo, akaanzisha rejesta mwaka 1996, kila mgonjwa mstari wake, na mtaa wake, na kazi yake, na tarehe ya kurudi, na kila Ijumaa jioni kliniki ikifungwa, wenzake wakiwa wameshashika mikoba, yeye alisimama mlangoni akauliza, "Haya, nani hayupo?" Hapo ndipo alipopata jina lake, na wasiokuwepo walipata habari yao, maana aliwafuata kwa baiskeli, kwa simu, na mmoja alimfuata kwenye harusi yake.

Kompyuta zilipokuja mwaka 2009 wengi tulidhani zitamshinda, kumbe ndizo zilizompa meno, kwani sasa aliweza kuuliza swali moja akajibiwa kwa wilaya nzima, na jibu la kwanza lilimwonyesha kwamba wanaopotea zaidi ni wauza sokoni, ambao kwa miaka yote walikuwa wakiitwa wazembe, ilhali kliniki ilifunguliwa saa zile zile wanazouza. Akahamishia kliniki yao jioni, na katika mwaka uliofuata wodi ikapokea watu wachache zaidi wa kupooza kutoka sokoni, na akina mama wa mboga wakamtania kwamba sasa wanakufa kwa uzee tu.

Lakini mwaka 2011 yalitokea makosa, nayo yaligusa nyumbani. Wagonjwa wengi hawakujua tarehe zao za kuzaliwa, na makarani, ili kompyuta ikubali kuendelea, walikuwa wamewaandikia tarehe 1 Januari, nusu ya wilaya ikawa inazaliwa siku moja, na siku ya kusafisha rejesta, marehemu mwenyewe akiwa ameshika usukani, kompyuta ilimchukua mdogo wake na mzee mwingine wa jina lile lile, umri ule ule, ikawafanya mtu mmoja, na yule mzee alikuwa ameshafariki. Fundi wetu alipokwenda kuchukua dawa akaambiwa dirishani, mbele za watu, kwamba pole, lakini yeye ni marehemu.

Siku hiyo alicheka, wiki iliyofuata akakasirika, na baada ya hapo hakukanyaga tena kliniki, akisema, "Mimi si nimeshafariki? Marehemu hanywi dawa," na karakanani kwake akawaambia wateja kwamba geti lililochomwa na maiti halipati kutu. Marehemu aliomba radhi, akamrudisha kwenye rejesta siku ile ile, kisha akapitia mstari kwa mstari akawafufua na wengine wengi, na kwa kufanya hivyo ikajulikana kwa nini dawa zilikuwa zikiisha kabla ya mwezi kuisha, kwani bohari ilileta dawa kwa hesabu ya walio hai, na wilaya ilikuwa imejizika yenyewe nusunusu. Dawa zikatosha, wilaya za jirani zikaja kujifunza, marehemu akapewa cheti na saa ya ukutani, akastaafu tarehe 31 Agosti 2013 kwa heshima zote, lakini kila Ijumaa jibu la swali lake liliendelea kuwa ni mdogo wake, na mke wake ni shahidi kwamba usiku huo hakupata usingizi, akimwona baba yao akianguka upya.

Mwezi Februari 2022 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akalazwa, na mdogo wake alihamia wodini, akamnyoa ndevu, akamsomea gazeti, akabishana naye kila habari, hadi tarehe 18 Machi, ambapo marehemu alifunga mdomo mbele ya vidonge vyake na kusema, "Nikimeza mimi, unapimwa wewe." Kipimo kilipanda hivi kwamba muuguzi alirudia mara tatu, na kuanzia siku hiyo fundi alikwenda kliniki kila tarehe yake, akinung'unika njia nzima, na akitangaza wazi, "Nakwenda kwa ajili yako tu, kaka, siku ukiondoka na mimi naacha," na marehemu akamshika mkono. Alipata nafuu, akarudi nyumbani, akalazwa tena mwezi Mei mwaka huu, na Jumanne, tarehe 6 Juni 2023, saa kumi na moja alfajiri, aliaga dunia akiwa na umri wa miaka 69, mke wake na mdogo wake wakiwa pembeni yake. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu, ndugu zake, na wilaya inayojua watu wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, waliomvumilia hata aliporekebisha mafaili yao akiwa na dripu mkononi, inawashukuru majirani waliotupa viti, maji na usingizi wao, na wafanyakazi wenzake wa zamani waliokuja hata kabla hatujawaita.

Shukrani za pekee ziwaendee wauguzi wa kliniki ya presha. Jana Ijumaa, turubai limeshafungwa na wageni wameanza kuingia, mdogo wa marehemu, ambaye ndiye aliyetakiwa kuwapokea, hakuonekana tangu asubuhi, simu yake ikiita bila kupokelewa, na sisi tulikasirika, na wengine tuliogopa, maana tulijua alichoapa, mpaka saa sita alipoingia taratibu na mfuko wa dawa mkononi, akaketi kwenye kiti chake, akaomba maji, akameza kidonge mbele yetu sote, na dada yake alipomuuliza alikuwa wapi siku kama hii, alifuta uso, akasema, "Leo ilikuwa tarehe yangu."

Upumzike kwa amani, mjomba, na usingizi wa Ijumaa sasa uupate wote.