Mama Fundo na Mapumziko ya Kisima

Gari la maiti lilikuwa limeshatoka getini, wasikilizaji wapendwa, lilipokutana uso kwa uso na lori la kuhamisha vyombo. Njia ni nyembamba pale. Lori likarudi nyuma mpaka kwenye ukuta wa zahanati, makochi yakitikisika juu, ili jeneza lipite. Wenye lori wakavua kofia. Walikuwa wanahama kwa sababu ya maji. Na aliyelala ndani ya jeneza ndiye aliyewaambia, miaka sita nyuma, kwamba maji yatakwisha.

Ndiye Mama Fundo. Mtunza pampu wa kisima cha mtaa. Miaka ishirini na nane, pampu ileile.

Jina alipewa kwa ajili ya kamba yake. Kamba ya katani, nati kubwa ya chuma imefungwa mwishoni, na fundo kila baada ya mita moja. Kila alfajiri, kabla hajawasha pampu, aliiteremsha kwenye tundu lililo kando ya bomba, ametega sikio. Nati ikigusa maji, chubwi, anahesabu mafundo. Fundo la kumi na nne: kisima kimerudi mahali pake, washa. Fundo la kumi na tano: bado kimechoka, ngojeni. Pampu ilivuta alfajiri hadi adhuhuri, kisha ikazimwa mpaka kesho yake. Narudia: muda wa saa sita kuvuta, saa kumi na nane kupumzika.

Binti yake, fundi cherehani, ananiambia: "Tulikuwa tunamtania. Mama, mbona kisima kinapumzika kuliko wewe? Anajibu, mimi nikichoka mtapata mwingine. Hiki kikichoka mtampata nani?"

Siku moja alikuja mtaalamu, ikafanyika semina katika ukumbi wa shule. Bango refu ukutani: maendeleo endelevu. Mtaalamu aliongea mpaka soda zikapata moto. Mama Fundo akanyoosha mkono.

"Samahani baba. Hayo maendeleo yenu, yanazimwa saa ngapi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mtaalamu hakucheka. Akamwomba aeleze.

"Mimi sikusoma sana," akasema. "Naona ni hivi. Unachota kiasi kinachoweza kurudi. Unamgawia na wa bondeni, maana walio karibu na bomba hawakosi kamwe. Na aliye bado tumboni naye ana ndoo yake. Msiichote."

Mtaalamu aliandika kila neno.

Lakini nisimpambe. Yeye mwenyewe aliteleza. Ulikuja mwaka wa ukame, kijito cha bondeni kikakauka, kina mama wakapanda na ndoo zao, wengine na watoto mgongoni. Akaongeza saa mbili. "Mpaka mvua zinyeshe," alisema. Mvua zikanyesha. Saa zile mbili hazikurudishwa. Watu walishazoea, na yeye hakuwa na moyo wa kuwanyima. Mpaka mwisho wake alikuwa akimwambia bintiye: "Mlango niliufungua mimi."

Kisha kaka yake akachaguliwa mwenyekiti wa kamati ya maji. Kiwanda cha matofali kikaja, vijana wakapata kazi, ikafungwa pampu kubwa. Ikavuta usiku na mchana. Na kamati ilikuwa na kipimo chake: kila wiki mmoja wao anapanda ngazi, anachungulia tangi linalojazwa na pampu. Tangi limejaa. Anaandika, maji yapo. Tangi, wasikilizaji wapendwa. Walikuwa wanapima tangi.

Mama Fundo akasimama mkutanoni. "Fundo la kumi na tisa. Jamani, kinashuka."

"Dada," akasema mwenyekiti, "tangi linafurika mpaka kuku wanakunywa chini yake. Unalilia nini?"

"Nalilia yanakotoka, kaka."

"Watu wana kazi hapa. Niwaambie warudi kukaa barazani kwa ajili ya kamba yako?"

Sauti ikatoka nyuma: "Mpeni nati yake aende nayo!"

Wakacheka. Wakapiga kura aondolewe pampuni. Akakabidhi funguo. Kwa miaka sita yeye na kaka yake hawakusalimiana, na kwa miaka hiyo sita hakuna aliyekipima kisima.

Mwaka huu pampu ilivuta tope, ikanguruma, ikaungua. Mchana uleule mwenyekiti akapiga hodi kwa dada yake.

"Dada, njoo ukipime."

Binti akamzuia mlangoni. "Mjomba, leo ndiyo umemkumbuka? Kifua kinambana, hata uani hafiki."

"Nipe viatu," mama akasema kutoka ndani.

Walimshika huku na huku. Akateremsha kamba. Ikaenda, ikaenda, mafundo yote arobaini, na kule chini nati ikagonga: ko. Pakavu. Kaka mtu akachuchumaa.

"Kitarudi?"

"Kikiachwa, kitarudi. Huenda wajukuu wako wakachota. Mimi na wewe tumeshakunywa yetu, na ya kwao pia."

Wiki tatu baadaye akafariki.

Kwa binti, kwa kaka, kwa wote mliofiwa: poleni sana, nasi tumefiwa pamoja nanyi. Na wewe unayesikiliza, nenda leo kaulize maji yako yanatoka wapi na yamebaki kiasi gani. Ukipelekwa kuonyeshwa tangi, usikubali.

Watu wa bondeni ndio waliotangulia kuhama. Zahanati inafunguliwa siku mbili kwa wiki, gari la maji linapofika. Mtaalamu amestaafu. Kaka mtu anaishi kwa mwanawe, mji mwingine, na kiti chake hakijapata mtu. Binti bado anashona palepale, katikati ya nyumba zilizofungwa. Kiwanda cha matofali kimehamia mji wa jirani, na kimeshaomba kuunganishwa na kisima chao.