Edmund Kalinga, Aliyelia Bila Machozi

Baba Paroko, wakwe zetu wa Kalenga, majirani mliosafiri na mwili tangu Soweto kule Mbeya, na ninyi nyote mliokesha nasi, Tumsifu Yesu Kristo. Familia imemtuma Liberatus, mdogo wake marehemu, asome maisha ya kaka yake, naye anaomba mmvumilie, maana atasoma polepole.

Marehemu Edmund Kalinga alizaliwa tarehe 20 Novemba 1926, Ruaha Mbuyuni, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Antoni Kalinga na mama Matilda, akabatizwa mwezi uliofuata, na tangu utoto alijulikana kuwa mtu wa maneno machache, mwenye kumaliza alichoanza, hata kama wenzake wamekwisha kwenda kula.

Alianza shule ya misheni mwaka 1935, akatembea na kulala kwa watu ili asome, akamaliza darasa la nane mwaka 1943, na kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri, mapadre walimwombea kazi ya kuandikisha wagonjwa katika zahanati, huko Iringa, aliyoianza Januari 1946. Mwaka 1961 alihamishiwa Mbeya, katika hospitali kubwa, akawa karani wa kadi za wagonjwa, na kazi yake ilikuwa kusoma alichoandika daktari, kukitafuta katika kitabu cha namba za magonjwa, na kuiandika namba hiyo juu ya kadi, ili mgonjwa akirudi, mtoa dawa ajue ampe nini.

Mwaka 1969 aliletwa mtoto wa mzee Ngolo, wa wafugaji waliohamia Usangu kutoka kaskazini, akiwa ametoka kuugua surua, na kadi yake iliandikwa neno moja tu, macho. Edmund akafanya kama ilivyokuwa desturi ya pale, kwamba macho yasiyoelezwa huwekwa chini ya macho mekundu, akaweka namba hiyo, mtoto akawa anapewa dawa ya macho mekundu kila aliporudi, kumbe macho yake hayakuwa mekundu wala hayakutoa tongo, yalikuwa yamekauka kama ngozi iliyoanikwa, na alipoletwa mara ya mwisho kioo cha jicho la kulia kilikuwa cheupe na la kushoto linaona kivuli tu. Mzee Ngolo hakumlaumu mtu, alimshukuru karani kwa salamu zake akampandisha mtoto mgongoni, na shukrani hiyo ndiyo iliyomuumiza Edmund kuliko tusi.

Tangu siku hiyo kadi yoyote iliyoandikwa macho tu aliirudisha kwa aliyeiandika, akasimama mlangoni na kofia mkononi, akauliza jicho lipi, la kulia au la kushoto, lina maji au ni kavu, limekauka tangu lini, wala hakuondoka bila jibu. Wauguzi wakampa jina la Jicho Lipi, wakimwona kwenye korido wanaambiana, "Haya jamani, semeni haraka, Jicho Lipi huyo anakuja," naye alicheka nao, lakini hakuacha kuuliza, na madaktari wenyewe wakazoea, wakawa wanaandika kwa ukamilifu kabla hajainuka kitini.

Tarehe 6 Septemba 1952 alifunga ndoa takatifu na Paskalina, binti wa hapa Kalenga, dada yake mzee Didas, na Mungu aliwajalia watoto wawili, Silvester, aliyefariki akiwa mchanga, na Matilda, ambaye yupo hapa.

Mwaka 1971 macho ya Edmund mwenyewe yalianza kumchoma kana kwamba yametiwa mchanga, kinywa kikakauka, viungo vikavimba, na daktari akaandika kwa ukamilifu kabisa, macho makavu, yote mawili, machozi hayatoki. Edmund aliiweka namba yake kama ya mgonjwa mwingine yeyote, akaendelea na kazi, wala nyumbani hakumwambia mtu ila mkewe.

Mwezi Agosti 1974 Paskalina alikuja hapa Kalenga kumuuguza mama yake, akashikwa na homa ya mapafu, akafariki tarehe 14, akazikwa katika kiwanja cha wazazi wake. Edmund alifika kutoka Mbeya asubuhi ya maziko, akasimama kando ya kaburi, na uso wake ulikuwa mkavu. Mama mkwe, ambaye naye ametangulia, alisema mbele ya watu wote, "Hata ng'ombe humlilia mwenzake, mkwe wangu, wewe una nini moyoni?" Yakazuka maneno mazito ambayo leo hatutayarudia, na siku ya kuanua tanga wakwe wakatamka kwamba asikanyage tena penye kaburi lile, na Matilda akabaki kwao.

Mdogo wake alimsihi aeleze ugonjwa wake, akajibu kwamba mtu aliyetunza siri za kadi za watu maisha yake yote hawezi kupeleka yake msibani ili imtetee, na kwamba mgane anayelazimika kuthibitisha huzuni yake amekwisha kuhukumiwa. Tulimwona mkaidi, na labda alikuwa. Alichoomba kila mwaka, kupitia kwa washenga, ni kimoja tu, kwamba akifa alazwe kando ya Paskalina, na kila mwaka jibu lilikuwa hapana.

Mwaka 1978 vidonda vya macho vilimfunga kabisa, akaacha kazi, na Matilda akaomba ruhusa kwa mjomba wake kwenda Mbeya kumuuguza baba yake. Siku alipomsomea barua ya kwamba bibi yake wa Kalenga amefariki, alimwona baba yake akilia, mabega yanatikisika, sauti imekatika, na shavuni hakuna kitu, akapitisha kitambaa chake usoni na kitambaa kikatoka kikavu. Matilda alirudi Kalenga akamweleza mzee Didas alichokiona, na mzee akakubali kwamba Edmund akifa alazwe kando ya dada yake.

Edmund alifariki kwa ugonjwa wa mapafu tarehe 27 Oktoba 1979, alfajiri, baada ya kupokea mpako wa wagonjwa, wala habari hizo za Kalenga zilikuwa hazijamfikia. Jana mzee Didas alichukua jembe akapima kaburi mwenyewe, hatua moja kutoka kwa dada yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Mbeya, majirani wa Soweto waliochemsha maji ya kumwosha macho, makarani wenzake waliotafuta gari, mzee Ngolo aliyetoka Usangu na kijana wake akimshika mkono, na wakwe zetu kwa udongo huu.

Tumefundishwa kwamba huko aendako machozi hufutwa. Kwa Edmund tunaomba kwanza apewe. Pumzika kwa amani kando ya Paskalina, kaka, umekwisha kumlilia.