Zamu ya Nani

Ndani ya tuktuk ya kutoka Gede, jirani yangu Bi Zuleikha alimkemea mama tusiyemjua, aliyeshika kitabu cha watoto.

"Kitabu cha picha chakutisha, mwanangu? Kile cha kwanza nimewasomea wajukuu. Ndugu wawili wacheza bao. Kete ya mwisho ya mmoja ikiangukia shimo tupu, amelala, yaani zamu yake imekwisha, basi asinzia kweli mpaka mwenzake acheze. Wajukuu walicheka!"

"Hiki cha pili hakichekeshi, bi mkubwa. Kaka ameondoka, dada bado amelala. Ukurasa wa mwisho una bao lenye kete, pameandikwa: Cheza wewe."

"Mchezo tu huo." Bi Zuleikha hajapata kushindwa kwa mabishano, hata na imamu.

"Kahaso wangu alicheza kwa kidole, jana asubuhi. Alipofika shimo tupu akasema, 'Mama, nimelala.'"

Akafunua leso mapajani. Njia nzima nilikuwa nikimsifu moyoni mtoto asiyeshtuliwa na matuta.

Tuktuk ikasimama langoni mwa hospitali. Hakuna aliyeshuka. Bi Zuleikha alivaa miwani, akakitwaa kitabu, akafungua ukurasa wa mwisho, akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa ni zamu ya nani?"