Namba Sabini na Saba

Ndani ya basi la Cleveland, Odessa alijifanya anasoma simu, kumbe masikio yote yako kiti cha mbele. Bikizee mmoja alikuwa amemgeukia jirani yake, pande la mtu lililojaza kiti na nusu. "Mwanangu, wewe si Lavelle Pruitt, uliyecheza futiboli yetu ya Kimarekani hapa?"

"Ndiye mimi, mama. Lakini umenijuaje? Miaka kumi na moja sikushika mpira hata mara moja. Kazi yangu ilikuwa kuwazuia watu wasimwangushe mrusha mpira. Refa alitangaza namba ya jezi yangu kwenye kipaza sauti pale tu nilipofanya kosa."

"Marehemu mume wangu hakuwa na habari na mpira. Alikutazama wewe. Kila Jumapili ananiambia, 'Bernadine, yule leo hajapitwa na mtu.'"

"Nilipitwa sana, mama."

"Usimbishie marehemu!"

Odessa akaona kesi hiyo haina hakimu.

Basi likasimama. Lavelle akashuka polepole kwa magoti yake mabovu. Bikizee akafungua dirisha, akapaza sauti: "Namba sabini na saba!"

Lavelle akageuka upesi, akasimama kwenye theluji akingoja kusomewa kosa. Bikizee alikuwa anampungia mkono tu.